Dakika 165 za nyonga yangu

Jirani yangu hapa Kihesa, Iringa, alipokuja kunipa pole hakuuliza nyonga inaendeleaje. Alikaa, akapokea chai, akasema, "Sasa Mwalimu, nusu kaputi walikupiga masaa mangapi?"

Nikamwambia sikupigwa nusu kaputi, nilichomwa ganzi ya mgongo, ila kwa hesabu ya hospitali nilikuwa mikononi mwa watu wa usingizi kwa dakika 165. Akashusha kikombe. "Karibu masaa matatu! Hayo lazima yatakudai." Kwake dawa ya usingizi ni kama ulanzi wa mchana, kila kikombe kina deni lake la kesho. Ana shemeji aliyewahi kupasuliwa tumbo "akalazwa mno", na mpaka leo mama yule akipoteza funguo, ukoo mzima unalaumu usingizi ule.

Nimefundisha hesabu sekondari miaka 31. Mtu akinipa namba na lawama kwa pamoja, silali. Na jirani hajakosea kabisa. Wanaochunguza wagonjwa wa kubadilishiwa nyonga na magoti, kwa maelfu, wameliona jambo hilo tena na tena: waliokaa muda mrefu zaidi kwenye usingizi ndio, kwa wastani, wanaopata zaidi maambukizi ya kidonda, wanaoongezewa damu, wanaoganda damu miguuni na wanaochelewa kuruhusiwa. Namba zipo. Mimi tangu nibadilishiwe nyonga hapo Julai najiuliza kitu kimoja tu: ndani ya hizo dakika kuna nini?

Ngoja nizieleze zangu, maana nazijua moja moja.

Nyonga ya kulia ilikuwa imesagika. Kwenye eksirei daktari alinionyesha pale panapotakiwa kuwa na kamstari keusi kati ya kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake. Upande wa kushoto kapo, upande wa kulia hakuna, mfupa umekaa juu ya mfupa. Kutoka nyumbani hadi Soko Kuu nilikuwa napumzika mara nne, na mara ya nne nilijifanya nasoma tangazo la mazishi ya mtu nisiyemjua. Hospitali yenyewe iko huku huku Nyanda za Juu Kusini. Jina nitalihifadhi, kwa sababu kuna jambo moja lilienda mrama na watu wenyewe walinitendea wema.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe akaja nesi wa usingizi, binti wa miaka thelathini na kidogo, na fomu yake. "Shikamoo Mwalimu." Marahaba. Presha? Ninayo, nameza dawa. Sukari? Hapana. Meno ya bandia? Bado. Pombe? Nikasema ulanzi, tena kwa msimu. Akaandika "ulanzi" bila kucheka, nikampenda hapo hapo. Kisha akaandika "ASA 2". Nikauliza ndiyo nini hiyo, akaniambia ni daraja la hali ya mwili kabla ya upasuaji: moja ni mzima kabisa, tano ni mtu ambaye bila upasuaji hatarajiwi kupona. Presha iliyotulia inakuweka la pili. Miaka 31 nimegawa madaraja kwa watoto wa watu, nikaishia kupewa division two na binti wa watu nikiwa nimevaa shuka.

Asubuhi iliyofuata saa 3:05 nikaingizwa chumba cha upasuaji. Saa 3:20 sindano. Unakaa ukingoni mwa kitanda, unajikunja kama unatafuta shilingi uvunguni, mtu mmoja anakushika mabega, mwingine anahesabu pingili za mgongo kwa kidole. Nilisikia kama nimeumwa na siafu, kisha joto likashuka makalioni kana kwamba nimekalia figa lililotoka kuzimwa. Baada ya dakika tano miguu haikuwa yangu. Niliiona ikiinuliwa na nikashangaa ni ya nani, ina kovu kama langu.

(Njia hii ina zaidi ya miaka 120. Mwaka 1898 kule Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alijaribu kwa msaidizi wake, Hildebrandt: akamtia ganzi ya mgongo kwa kokeini, kisha akampiga muundi kwa nyundo ili aone kama ataumia. Hakuumia. Jioni wakala na kunywa mvinyo, na siku zilizofuata wote wawili wakaugua, maana Bier naye alikuwa ametobolewa mgongo siku hiyo hiyo. Kila nikisoma habari hiyo nafikiria ule muundi.)

Sasa jambo lililoenda mrama. Vifaa vya nyonga huja kwenye masanduku yaliyochemshwa kwa mvuke na kufungwa kwa vitambaa. Nesi wa vifaa alipofungua la pili, kitambaa cha ndani kilikuwa na unyevu. Chumba kizima kikanyamaza. Kwa kanuni zao, sanduku lililotoka na majimaji halihesabiwi kuwa safi, kwa kuwa vijidudu hupita kwenye kitambaa kilicholowa. Halitumiki. Likarudishwa, likaanza kutafutwa jingine, na mimi nimelala pale, kuanzia kiunoni nimekufa, juu mzima, dari naiona, saa ya ukutani naiona.

Baadaye nilisoma ile orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani inayosomwa kwa sauti kwenye vyumba vya upasuaji. Inanigusa kwa sababu mwaka 2007 na 2008 ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, pamoja na London, Toronto na Seattle, na moja ilikuwa Ifakara. Ifakara hii hii, ukivuka tu milima ya Udzungwa. Matatizo baada ya upasuaji yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7, vifo kutoka 1.5 hadi 0.8. Orodha ina vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka. Na swali la usafi wa vifaa limepangwa kituo cha pili. Yaani mtu anaulizwa kama masanduku ni salama wakati ganzi imeshaingia! Mwanafunzi akiniletea mpangilio huo namwekea alama ya kuuliza pembeni. Wenyewe wana sababu zao, na hospitali inaruhusiwa kuongeza vipengele vyake. Hospitali yangu nadhani imeshaongeza.

Katika kusubiri huko nilimwangalia yule nesi wa usingizi. Alikuwa na bomba la sindano lenye antibayotiki, amelishika mkononi. Hakulichoma. Dakika kumi, ishirini, bado kalishika. Nikamuuliza kama amesahau. "Hapana Mwalimu, hii inatakiwa iwe imejaa kwenye damu wakati kisu kinaingia. Nikikupa sasa hivi nao wakachelewa, tutakuwa tumeimwaga." Sanduku jipya lilipopita mlangoni ndipo akachoma. Kumbe dawa hii huingia kabla ya kukata, kwa kawaida ndani ya saa moja, na kama upasuaji unavuka masaa kadhaa kuna aina zinazorudiwa mle mle ndani. Ukitaka kujua kwa nini dakika zina uzito, anzia kwenye lile bomba.

Kisu kiliingia saa 4:20. Saa nzima baada ya sindano ya mgongo.

Kuanzia hapo ni ufundi seremala, sina neno jingine. Msumeno, kisha nyundo. Maumivu hakuna, ila kila pigo linakufikia kwenye meno. Nilijikuta nahesabu: mapigo sita, kimya, mapigo sita. Baadaye ikaja harufu kali, kama saluni ya kupaka kucha. Hiyo ni simenti ya mfupa. Aliyeipa jina kubwa ni John Charnley wa Uingereza, ambaye mwaka 1962 alianza kuweka nyonga ya kichwa kidogo cha chuma kwenye kikombe cha plastiki ngumu, vyote vikishikwa na simenti hiyo, baada ya plastiki yake ya kwanza, Teflon, kulika ndani ya miaka michache na kumtia aibu. Charnley aliogopa maambukizi kiasi cha kujijengea kibanda cha hewa safi ndani ya chumba cha upasuaji. Harufu ilipotoka, nesi wangu aliacha kuongea na mimi kabisa, macho kwenye mashine ya presha. Simenti ikisukumwa ndani ya mfupa, presha ya mtu inaweza kuporomoka ghafla.

Uzi wa mwisho ulikatwa saa 5:55. Ila kama dakika kumi na tano kabla nilianza kusikia kuvutwa. Si maumivu, ni kama mtu anapanga magunia juu ya nyonga yako. Ganzi ya mgongo ina kipimo chake, masaa mawili hadi matatu hivi, na saa moja ya kipimo changu ilikuwa imeliwa na kitambaa kilicholowa. Nikasema. Nikaongezewa kadawa kwenye mshipa, ketamini kidogo, na kwa muda mfupi nikawa nasimamia mtihani wa taifa kwenye shamba la chai lisilo na mwisho, kila mche umeshika kalamu. Nikatoka saa 6:05.

Haya, piga hesabu. Ukimuuliza daktari mpasuaji, upasuaji wangu ulichukua dakika 95. Ukimuuliza mtu wa usingizi, dakika 165. Wote wakweli. Tofauti ni dakika 70, na ndani yake kuna kupaka dawa, kugeuzwa ubavu, kusubiri sanduku, kuhamishwa kitanda. Jirani anaposema "masaa matatu ya usingizi" anadhani ni masaa matatu ya sumu. Mimi kwa sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa naangalia dari.

Sina maana kwamba dakika zile zilikuwa bure. Zililipwa, kwanza kwa baridi. Julai ya huku haihitaji maelezo, na chumba cha upasuaji ndicho chumba baridi kuliko vyote, halafu uko na shuka moja na drip inaingia. Ganzi ya mgongo inafungua mishipa ya miguu, joto la tumboni linakimbilia kwenye ngozi na kupotea, na miguu yenyewe haiwezi hata kutetemeka. Meno yangu yaligongana mpaka nikaogopa kujing'ata. Niliona baridi ni kero tu, kumbe ni sehemu ya hesabu: mwili ukishuka chini ya nyuzi 36, damu huganda vibaya, unavuja zaidi, na kidonda kinapigana na vijidudu kwa udhaifu. Kila dakika ya kusubiri bila kufunikwa ni dakika ya kupoa. Walinifunika blanketi na kubadilisha chupa ya drip wakaleta iliyopashwa, lakini hapo nilikuwa nimeshakuwa barafu ya Kitulo.

Pili, mkojo. Sitapamba. Umepewa maji ya drip masaa yote hayo, kibofu kimekufa ganzi, hakijui kama kimejaa, na una miaka 63, ile tezi ya wanaume imeshaanza siasa zake. Saa mbili usiku nilikuwa na tumbo kama ngoma na sitoi hata tone. Nikawekewa mpira. Ni tatizo linalojulikana sana baada ya ganzi ya mgongo, na kadiri ganzi na maji vinavyokwenda mbali ndivyo linavyonyemelea. Mke wangu aliwasimulia watu wote wa jumuiya.

Damu kuganda nilikingwa kwa sindano za tumboni na kwa amri ya kusimama kesho yake na woka, hatua sita hadi dirishani, sita kurudi. Chupa mbili za damu walizotoa wanangu hazikutumika.

Kitanda cha pili alikuwapo mzee mmoja wa Makete, na bila yeye ningebaki na namba za mtu mmoja, ambazo kwa mwalimu wa hesabu si namba. Yeye alikaa ndani zaidi ya masaa manne, tena kwa usingizi kamili, kwa sababu mgongo wake umeshikana na sindano haikupita. Usiku ule aliamka akaanza kuita ng'ombe. Kwa majina. Akamwita nesi wa zamu kwa jina la dada yake aliyekwishafariki, akamsihi afunge zizi. Nesi hakubishana naye. Aliwasha taa, akamvalisha miwani yake, akamwambia ni saa tisa usiku na yuko hospitali, na mwanawe akaletwa akae karibu. Siku ya tatu mzee alikuwa mzima, ila kidonda chake kilitoa majimaji wiki nzima, na mimi nilimwacha wodini.

Hapo jirani angesema: si unaona? Masaa manne, nusu kaputi, matokeo hayo.

Lakini mzee yule alikuwa na vyuma vya zamani kwenye nyonga, aliwekewa miaka ya nyuma alipovunjika. Mpasuaji alianza kwa kutoa skrubu zilizokwisha kumezwa na mfupa. Ana miaka 79, ana sukari. Masaa yake yalikuwa marefu kwa sababu nyonga yake ilikuwa ngumu, na nyonga ngumu ya mzee mwenye sukari ingemletea shida hata kama saa ya ukutani ingevunjika.

Niliwahi kufundisha shule ambayo mkuu mmoja aliamua kupanga kidato cha nne kwa masaa ya tuisheni. Ikaonekana wazi: wenye tuisheni nyingi ndio wenye alama mbovu. Akataka kuifuta. Nikamuuliza ni mzazi gani anampeleka tuisheni mtoto anayeongoza. Wanaopelekwa ni wanaofeli, tuisheni haikuwafelisha. Lakini haki itendeke, kuna mtoto mmoja aliyekuwa anasoma mpaka saa sita usiku akaja kusinzia kwenye mtihani wenyewe. Huyo tuisheni ilimfelisha. Vyote viwili vinaishi kwenye jedwali moja, na kuvitenganisha ndiyo kazi. Watafiti hujaribu kulinganisha watu wa umri uleule, uzito uleule, daraja lilelile la ASA, na hata wakifanya hivyo, mara nyingi muda mrefu bado unabaki na madhara yake. Ila ugumu wote wa nyonga ya mzee wa Makete haujai kwenye fomu.

Na usingizi kamili wenyewe? Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani na Kanada uliochukua wagonjwa 1,600 wa miaka 50 na kuendelea, waliovunjika nyonga, wakagawanywa kwa bahati nasibu: hawa ganzi ya mgongo, hawa usingizi kamili. Baada ya siku 60, waliofariki au walioshindwa kutembea wenyewe walikuwa asilimia 18.5 upande wa mgongo na 18.0 upande wa usingizi. Kuchanganyikiwa kama kwa mzee wangu, karibu mmoja kati ya watano, pande zote mbili. Waliovunjika si sawa na sisi tuliosagika, wao hufika hoi zaidi. Hata hivyo nilimsomea jirani namba hizo. Akasema Wazungu miili yao mingine. Nikamwongeza chai.

Wiki ya sita nilirudi kliniki, na nikaomba kitu ambacho nadhani hawaombwi mara nyingi: kuona karatasi ya usingizi. Yule binti aliitoa kwenye faili. Jamani, ni grafu! Mhimili wa chini ni muda, visanduku vya dakika tano tano, na kila kisanduku kina alama mbili, kama V iliyosimama na V iliyopinduliwa, presha ya juu na ya chini, na kitone cha mapigo ya moyo katikati. Nilihesabu visanduku vyangu: 33. Mara tano, 165. Kumi na mbili vya kwanza vimetulia kama mstari wa rula, na juu yake ameandika kwa mkono, "anasubiri vifaa". Halafu duara dogo: kisu. Mahali fulani baadaye V zote mbili zinateleza chini, visanduku viwili, kisha zinapanda. "Hapa?" nikauliza. "Simenti," akasema. Nikaomba niinakili kwenye daftari langu la mistari ya mraba, akaniruhusu, akanisahihishia kitone kimoja nilichokosea.

Wiki iliyopita mzee wa Makete alinipigia. Anatembea na fimbo moja, na sasa wanataka kumfanyia upande wa pili. "Mwalimu, mimi nina swali moja tu la kuwauliza. Watanilaza masaa mangapi?"

"Baba, waulize kwanza kama masanduku ya vifaa yameshafunguliwa yakakaguliwa, ndipo ukubali kulazwa."

Akacheka, akakohoa. "Na blanketi?"

"Blanketi nenda nalo lako. Lile zito."